Muhamadi Kijuma: Chanda Chema Kilichokawia Kuvikwa Pete

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili humu nchini hakosi kukutana na Utendi wa Mwana Kupona, Al-Inkishafi na Utendi wa Fumo Liyongo. Atahesabu mizani, atapanga vina, atachambua maudhui na kuingia katika mtihani akiwa na majina ya watunzi kichwani. Jina ambalo huenda asiulizwe ni la Muhamadi Kijuma, ilhali tenzi zote tatu zilipitia chini ya kalamu yake. Makala haya yanakusudia kuyakumbuka maisha ya bingwa huyu, na kudai kwamba mnakili naye ana haki yake katika historia ya fasihi yetu.

Muhamadi bin Abubakari Kijuma alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855, akaaga dunia mwaka 1945. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Alikuwa mtoto mdogo Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye wasia wake mnamo 1858. Alikuwa mtu mzima Wajerumani walipoitwaa Witu chini ya himaya yao mwaka 1885, na Waingereza walipoichukua mwaka 1890. Alipofariki, ulimwengu ulikuwa umekwisha kupigana vita vikuu viwili. Katika muda huo wote, Lamu ilibaki kuwa kitovu cha maisha na kazi zake.

Kijuma alikuwa fundi kabla ya kuwa jina katika vitabu. Alichonga nakshi kwenye mbao na aliandika khati. Kazi hizi mbili zinakaribiana kuliko tunavyodhani. Mchonga mlango wa Lamu sharti aupime ubao kwanza, aamue maua yataanzia wapi na mwishowe yatakutana vipi, maana patasi ikishakata hairudi nyuma. Mwandishi wa utendi naye hupanga vipande vinne vya ubeti katika mstari mmoja, akavitenga kwa alama, na kuhakikisha kwamba vina vinashuka wima, jicho livione kabla ya sikio kuvisikia. Isitoshe, hati za Kiarabu hazikuundwa kwa ajili ya Kiswahili. Sauti kama p, ch, g na v hazina herufi zake katika Kiarabu cha kawaida, na irabu e na o hazina alama zake. Kila mwandishi wa pwani alilazimika kuamua namna ya kuzionyesha. Kwa hivyo, kunakili hakukuwa kazi ya kitumwa ya kuhamisha wino kutoka karatasi hii hadi ile. Kulihitaji kuijua lugha, kuzijua bahari za ushairi na kuwa na mkono uliotulia.

Mkono huohuo ulipiga ala. Kijuma alikuwa mwanamuziki, mtungaji wa nyimbo na mcheza ngoma, katika mji uliopenda mno mashindano ya ngoma baina ya mitaa. Hapa ndipo maisha yake yanapomfikirisha msomaji. Lamu ni mji wa misikiti na wanazuoni, na palikuwa na wacha Mungu walioitilia ngoma shaka. Kijuma hakuchagua upande mmoja na kuutupa wa pili. Alinakili Al-Inkishafi, utendi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaoionya nafsi isihadaike na anasa za dunia. Pia alitunga nyimbo za kuwachezesha watu. Wapo watakaouita mgongano. Mimi nauona kuwa ukamilifu wa Mswahili wa zama zake, aliyejua wakati wa sala na wakati wa gungu.

Ushahidi wangu ni Utendi wa Fumo Liyongo wenyewe, ambao mswada wake wa 1913 unanasibishwa na Kijuma. Masimulizi ya Liyongo ni ya kale kumshinda, lakini umbo la utendi tunalolisoma ni lake. Tukumbuke kile kisa cha gerezani. Liyongo amefungwa minyororo. Mamaye anamwokea mkate wa wishwa wenye tupa ndani, na kijakazi Saada anaupeleka. Kisha Liyongo anatunga nyimbo za gungu, ngoma inapigwa nje, na mlio wa ala unaufunika mlio wa tupa inayokata chuma. Katika tukio moja tunaona mapenzi ya mama, ujuzi wa fundi na nguvu ya muziki. Ni nani angeweza kuliweka tukio hili mahali pake kuliko mtu aliyejua uzito wa chombo cha kazi mkononi na kelele za ngoma masikioni?

Familia, hata hivyo, ina sura mbili katika utendi huo, kwani Liyongo huuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Baina ya mzazi na mwana, Kijuma alijua kuwa palipo na upendo pana hatari pia. Haishangazi kwamba aliandika Siraji, utendi wa wasia wa baba kwa mwana, kama vile Mwana Kupona alivyomwachia bintiye wasia. Siraji ni taa; naye alitaka kumwachia mwanawe mwanga wa kuendea njia.

Wataalamu wa Kizungu waliutambua mkono wake. Alice Werner alichapisha utendi wa Liyongo katika miaka ya 1920. William Hichens alipokea miswada kutoka kwake, na Al-Inkishafi ya Hichens ikatoka mwaka 1939. Ernst Dammann, aliyefika Lamu katika miaka ya 1930, alimkuta mzee wa takriban miaka themanini ambaye bado aliandika. Kitabu chake cha tungo za Lamu kilichapishwa Ujerumani mwaka 1940. Majalada yalibeba majina ya wahariri, na miswada mingi ikabaki London na Ujerumani. Tusiwalaumu kupita kiasi, kwani bila wao huenda mchwa na chumvi ya bahari vingalishinda. Lakini deni ni deni. Lilianza kulipwa Mohamed Abou Egl alipoandika tasnifu kuhusu Kijuma mwaka 1983, na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walipoliweka jina lake kwenye jalada mwaka 2010.

Sehemu iliyobaki ya deni ni yetu sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi aliyozaliwa. Tunapofundisha tenzi hizi, tumtaje mtunzi, na tumtaje pia aliyekesha akizinakili. Hati alizotumia nazo tujifunze kuzisoma, tusije tukahitaji mgeni atusomee barua za babu zetu. Hiyo ndiyo pete iliyobaki kuvikwa chanda kile.