Anuarite, Binti wa Isude

Katika nchi ya Wabudu, pande za Wamba, kaskazini-mashariki ya Kisangani, alikuwako mama mmoja jina lake Isude. Mumewe aliitwa Amisi. Isude alimzalia watoto sita, wote wanawake. Binti wa nne alizaliwa mahali paitwapo Matali, karibu na Wamba, tarehe 29 Desemba 1939. Wazazi wake walimpa jina la Nengapeta, ambalo kwa lugha yao maana yake ni kwamba mali hudanganya.

Lakini Wakristo wengi wamjua kwa jina jingine, nalo alilipata kwa kosa la kalamu. Siku alipopelekwa shuleni mara ya kwanza alifuatana na dada yake mkubwa, Léontine Anuarite. Sista aliyeandika majina ya watoto akachanganya, akamwandika mdogo kwa jina la mkubwa. Hakuna aliyelifuta. Tangu hapo akawa Anuarite shuleni, na Anuarite utawani, na Anuarite mpaka leo.

Wakati wa vita kuu ya pili Amisi alikuwa askari, naye alipelekwa mbali, hata nchi ya Palestina, pamoja na askari wengine wa Kongo. Isude alibaki nyumbani na watoto wake. Katika mwaka wa 1943 mama huyo alipokea Ubatizo, na binti yake Nengapeta alibatizwa pamoja naye. Mama akaitwa Julienne, na mtoto akaitwa Alphonsine.

Baada ya hayo nyumba ile ilivunjika. Amisi alitaka mtoto mwanamume, naye mkewe amemzalia wasichana tu. Akamwacha Isude, akaoa mwanamke mwingine. Wakatekumeni wengi wanaijua habari ya namna hii kutoka vijiji vyao wenyewe, wala hawahitaji kuelezwa jinsi mama aliyeachwa anavyolima peke yake, na jinsi watu wanavyomtazama. Mke yule wa pili hakuzaa mtoto hata mmoja, wala wa kiume wala wa kike. Anuarite aliumia sana kwa ajili ya mama yake. Hata hivyo hakumchukia baba yake. Alimsamehe, akaendelea kumheshimu kama baba. Yafaa kukumbuka neno hili, maana kusamehe kwake hakukuanza usiku wa kufa kwake. Alikwisha kujifunza kusamehe nyumbani, akiwa angali msichana.

Alisoma katika shule ya masista, na huko ikamwingia moyoni nia ya kuwa mtawa. Alipoomba, aliambiwa kwamba umri wake haujatosha. Basi siku moja lori lilifika misioni ili kuwachukua wasichana waliokuwa wakienda Bafwabaka kuanza maisha ya utawa. Anuarite akapanda kwa siri katikati yao, bila kumwaga mama yake. Isude akamtafuta asimwone. Siku kadhaa zilipita ndipo akaarifiwa kwamba binti yake yuko Bafwabaka. Tendo hilo lilikuwa la haraka ya ujana, na watoto wasiliige. Hata hivyo mama hakwenda kumrudisha kwa nguvu.

Bafwabaka ilikuwa nyumba ya Masista wa Jamaa Takatifu. Shirika hilo ni la wanawake wa Kongo wenyewe. Alilianzisha Askofu Camille Verfaillie, wa Mapadre wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, aliyeongoza Vikarieti ya Stanley Falls akikaa Stanleyville, mji ambao siku hizi waitwa Kisangani. Kwa wakati ule jambo hilo lilikuwa geni machoni pa watu wengi. Msichana asiyeolewa alihesabiwa kuwa hasara kwa ukoo: mahari haiji, na watoto hawazaliwi.

Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri zake za kwanza, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Baba na mama yake walikuja wote wawili, ingawa nyumba yao ilikwisha kuvunjika, nao walilitolea shirika mbuzi wawili. Ajabu ya zawadi hiyo ni hii: katika vijiji vyetu mbuzi hutoka kwa jamaa ya mume kwenda kwa wazazi wa binti. Siku ile wazazi wa binti ndio walioleta mbuzi.

Kazi zake utawani zilikuwa za kila siku. Alitunza sakristia, alipika jikoni, na alifundisha watoto katika shule ya msingi. Kazi ya mwalimu wa watoto haionekani kuwa kubwa. Kutwa nzima ni kurudia neno lile lile, kushika mkono mdogo usiojua bado kuandika, kufuta machozi, kupatanisha wanaogombania kipande cha chaki. Matunda yake hayaonekani mwezi ule wala mwaka ule. Sista Marie-Clémentine alipenda kazi, na kazi ambayo wenzake waliikwepa yeye hakuona haya kuifanya. Wala tusidhani kwamba alizaliwa bila kasoro. Alikuwa mwepesi wa kuguswa moyoni, na ilimpasa kupigana na tabia yake kama watu wote wafanyavyo.

Sasa twafika kwenye jambo gumu la maisha yake. Miaka kadhaa baada ya nadhiri, Isude alitaka binti yake atoke utawani arudi nyumbani, kwa kuwa watu wa kuisaidia jamaa walikuwa wachache. Tuitazame hali ya mama huyo. Mume amemwacha. Mtoto wa kiume hana. Na huyu binti yake amesoma, ni mwalimu, naye mwalimu hupata mshahara. Je, Isude aliomba neno baya? Hapana. Aliomba lile ambalo kila mama angeliomba, na Amri ya Nne ya Mungu yatuamuru kuwaheshimu baba na mama, wala si kwa maneno matupu, bali pia kwa kuwasaidia katika uhitaji wao.

Anuarite hakurudi. Alikuwa amemwahidi Mungu, na ahadi ile haikuwa mali yake tena hata aitumie kulipa deni jingine, hata deni la kweli kama lile la mtoto kwa mama. Neno hili ni gumu, wala haifai kulifanya jepesi. Isude alikwisha kupoteza mume kwa sababu ya kuzaa mabinti. Sasa alitakiwa kumtoa Mungu mmoja wa mabinti hao. Watu humsifu binti kwa sadaka yake, na ni haki. Lakini mama naye alitoa sadaka, naye hakuwa ameweka nadhiri yoyote.

Mwaka wa 1964 vita viliingia katika nchi. Waasi walioitwa Simba waliuteka mji wa Stanleyville mwanzoni mwa Agosti, wakatawala sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini-mashariki. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kwa miavuli kutoka ndege za Marekani, na waasi wakaupoteza mji. Hasira yao ikawageukia watu wa mashambani na wa misioni. Tarehe 26 Novemba, huko Wamba, Askofu Joseph Wittebols aliuawa.

Siku tatu baadaye, Jumapili tarehe 29 Novemba, Simba walifika Bafwabaka na lori. Waliwaambia masista kwamba wanawapeleka mahali pa salama. Watawa, wanovisi na wapostulanti, jumla yao 46, wakapandishwa. Walidhani wanakwenda Wamba. Lakini njiani wakakutana na Kanali Yuma Déo, naye akaamuru wapelekwe Isiro, mji ulioitwa Paulis siku zile. Aliwanyang'anya rozari na misalaba yao. Anuarite alikuwa ameficha mfukoni sanamu ndogo ya Bikira Maria, nayo hawakuiona.

Walifika Isiro jioni ya tarehe 30. Kanali mmoja, jina lake Ngalo, alimwona Anuarite akataka awe mke wake. Mkubwa wa masista, Mama Léontine Kasima, alikataa katakata, akaeleza kwamba hawa ni watu waliojiweka kwa Mungu. Wakubwa wa waasi hawakusikia. Masista wengine wakapelekwa katika nyumba iliyoitwa Nyumba ya Buluu, na Anuarite akazuiliwa peke yake kwa muda. Walimtisha, wakambembeleza, wakamtisha tena, naye akajibu kwamba afadhali kufa kuliko kutenda dhambi ile. Aliporudishwa kwa wenzake, chakula kililetwa, naye hakuweza kula. Alimwomba Mama Kasima amwombee.

Usiku huo Kanali Pierre Olombe alichukua juu yake kazi ya kumshinda. Akamtoa nje Anuarite pamoja na Sista Jean-Baptiste Bokuma ili awatie katika motokari. Walikataa kuingia. Olombe alipokwenda kutafuta ufunguo wake, wakajaribu kukimbia, lakini walikamatwa. Akawapiga vibaya sana, mkono wa Sista Bokuma ukavunjika. Anuarite, huku anapigwa, alimwambia Olombe kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui analolifanya. Olombe akazidi kukasirika. Akawaita Simba wakamchoma kwa visu, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi ya kifua. Wenzake wakambeba na kumwingiza ndani, naye akakata roho baada ya dakika chache, yapata saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964. Hakuwa ametimiza miaka 25.

Alizikwa katika kaburi moja na watu wengine waliouawa, bila jina wala alama. Mwaka uliofuata, kaburi lilipofukuliwa, mwili wake ulitambuliwa kwa ile sanamu ndogo ya Bikira Maria mfukoni mwake. Masalia yake sasa yamo katika kanisa kuu la Isiro.

Tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri mjini Kinshasa, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kongo. Aliitwa kwa majina yake yote: lile la utawani, lile la dada yake, na lile alilopewa na wazazi wake Matali, Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 1 Desemba. Katika mahubiri ya siku ile Baba Mtakatifu alimsamehe mwuaji wake kwa jina la Kanisa lote, kama yeye alivyokwisha kumsamehe usiku ule kule Isiro.