Pavlov, msomi aliyetaka kujua tumbo la mbwa lapokeaje chakula

KATIKA nyumba nyingi mbwa hulishwa kwa mazoea. Akishamwagiwa ugali uliolala na mifupa ya jana, huhesabiwa kuwa amekula. Na siku ya sikukuu hutupiwa kipande cha keki ili naye aonje raha. Ni nadra mwenyewe kujiuliza iwapo chakula hicho kinamfaa. Hata hivyo, yupo msomi aliyelifanya jambo hilo kuwa kazi yake kwa zaidi ya miaka kumi, akalichunguza kwa vipimo badala ya kukisia, na jibu lake likamfikisha kwenye Tuzo ya Nobel. Huyo ni Mrusi Ivan Petrovich Pavlov, ambaye walimwengu wengi humkumbuka kwa kengele tu.

Pavlov alizaliwa Septemba 26, 1849, katika mji wa Ryazan, kusini-mashariki mwa Moscow, akiwa kifungua mimba wa kasisi wa Kanisa la Kiothodoksi. Utotoni alianguka kutoka mahali pa juu, akaumia vibaya, hata masomo ya darasani hakuyaanza hadi alipotimiza miaka 11. Ilitarajiwa kwamba angefuata nyayo za babake, naye akaingia seminari. Lakini maandishi ya Charles Darwin, pamoja na ya mwenzao Ivan Sechenov aliyeandika juu ya kazi za ubongo, yalimvuta upande mwingine. Mnamo 1870 aliiaga seminari, akaenda Chuo Kikuu cha St Petersburg kusomea sayansi ya viumbe, kisha akasomea udaktari.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Alimwoa Serafima Karchevskaya mwaka wa 1881, na kwa muda mrefu kipato chake hakikutosha kuendesha nyumba. Hali ilibadilika alipokuwa na umri wa miaka 41. Mnamo 1890 aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo cha Kijeshi cha Udaktari, na mwaka uliofuata akapewa kuiongoza idara ya fiziolojia katika Taasisi ya Tiba ya Majaribio iliyokuwa imefunguliwa mjini St Petersburg. Hapo ndipo habari ya mbwa na chakula chake inapoanza hasa.

Desturi ya wataalamu wa zama hizo ilikuwa kumpasua mnyama na kumchunguza papo hapo, angali katika maumivu. Pavlov aliliona kosa lililokuwamo: mnyama anayeumia hana hamu ya kula, na tumbo lake huacha kazi. Kwa hiyo alimpasua mbwa kwa usafi ule ule wa chumba cha upasuaji wa binadamu, akamwekea kijitundu cha kudumu tumboni au shavuni, akamwacha apone. Mbwa huyo aliweza kula, kucheza na kuchunguzwa kwa miezi, pengine miaka. Pavlov alikuwa fundi hodari wa kisu, na waliomwona akifanya kazi walistaajabia wepesi wa mikono yake.

Jaribio lake la kwanza kupata sifa, alilolifanya pamoja na Bi Ekaterina Shumova-Simanovskaya, linaweza kumshangaza msomaji. Umio wa mbwa ulikatwa na kuelekezwa nje shingoni, hivi kwamba kila alichokimeza kilidondoka tena sahanini. Hakuna hata tonge moja lililofika tumboni. Hata hivyo, baada ya dakika chache tu maji ya kuyeyushia chakula yalianza kutiririka tumboni kwa wingi. Halafu Pavlov akageuza jambo: alimtia mbwa mkate tumboni moja kwa moja kupitia kijitundu, bila mbwa mwenyewe kutambua. Mkate ukakaa tu, tumbo likauchelewesha. Kumbe hamu ya kula ilikuwa sehemu ya usagaji wenyewe. Kadiri mbwa alivyokila chakula kwa uchu, ndivyo tumbo lilivyojitayarisha vyema. Na mbwa hawakufanana. Kilichompendeza mmoja kilimchosha mwenzake.

Mwaka wa 1894 alifanikiwa kutenga sehemu ndogo ya tumbo la mbwa mmoja aitwaye Druzhok, jina lenye maana ya rafiki mdogo, bila kuikata mishipa ya fahamu. Chakula kilipita katika tumbo kubwa, na lile dogo likatoa maji safi yaliyoweza kupimwa saa baada ya saa. Hapo ikadhihirika kwamba kila chakula kina hesabu yake. Nyama iliita maji mengi upesi, yenye asidi kali. Mkate uliita maji yenye nguvu zaidi ya kuvunja chakula, tena kwa muda mrefu kuliko vyote. Maziwa yaliridhika na maji yaliyo dhaifu. Mate nayo yalikuwa na utaratibu wake, kwani nyama mbichi iliyo na majimaji haikuhitaji mate mengi, ilhali mkate mkavu na unga wa nyama uliyaita tele.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hayo ndiyo anayopaswa kuyafahamu mfugaji kabla ya hadithi ya kengele. Mbwa anayelishwa wanga mtupu hafi kwa siku moja, wala si kweli kwamba tumbo lake haliuwezi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba, akilinganishwa na mbwamwitu, mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni inayosaidia kuyeyusha wanga. Lakini wanga humtaka tumbo kazi ya aina nyingine kuliko nyama, na anayembadilishia mbwa chakula ghafla asishangae akimwona anaharisha. Ni heri kuchanganya cha zamani na kipya kwa siku kadhaa.

Asije mtu akamfasiri Pavlov vibaya, akadai kwamba anachokitamani mbwa ndicho kinachomfaa. Uchu huandaa tumbo, hauondoi sumu. Chokoleti, vitunguu, zabibu na peremende zenye sukari ya bandia iitwayo zailitoli humdhuru mbwa hata akizirukia kwa furaha, nayo mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo.

Mihadhara yake juu ya tezi za usagaji ilichapishwa mwaka wa 1897, na mnamo 1904 akawa Mrusi wa kwanza kutunukiwa Nobel. Kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kuvutwa na jambo jingine. Mbwa wake walianza kudondosha mate kabla ya chakula kufika, kwa kusikia tu hatua za aliyewalisha. Alitumia metronomu, taa, milio na miguso ya ngozi, akaona kwamba ishara ikitangulia kidogo na chakula kikafuata, mbwa hujifunza. Ishara ikirudiwa mara nyingi bila chakula, mate hukauka. Kitafunio anachopewa mbwa wa leo anapofunzwa kuketi hufuata kanuni hiyo hiyo. Kiwe kidogo, kifuate tendo papo hapo, na mbwa asiwe ameshiba.

Mwanafunzi wake Tsitovich aliongeza jambo la kupendeza. Alilea vitoto vya mbwa kwa maziwa pekee kwa miezi kadhaa, kisha akavionyesha nyama. Havikutoa mate hata tone. Vilipokwisha kuionja ndipo kuiona tu kukatosha. Mbwa hazaliwi akijua nyama ni chakula; hufundishwa na kinywa chake.

Elimu hiyo ilikuwa na gharama, nayo ililipwa na mbwa. Wengi walikufa mezani kabla ya upasuaji kufaulu, na wapinzani wa majaribio ya wanyama walimlaumu waziwazi. Halafu yakaja mapinduzi ya 1917 na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Njaa ilipoikumba St Petersburg, iliyoitwa Petrograd wakati huo, mbwa wa maabara walikufa kwa kukosa chakula, na profesa mwenye Nobel akawa analima viazi na kabichi ili familia yake iishi. Mnamo Januari 1921 Lenin alitia saini amri maalumu ya kumpa yeye na mkewe posho ya ziada na kuisaidia kazi yake, ingawa Pavlov aliendelea kuukosoa utawala huo bila kificho.

Septemba 1924 mafuriko yaliingia katika maabara, na mbwa wakaokolewa maji yakikaribia kuwafunika. Baadhi yao walisahau yote waliyofunzwa.

Mwaka wa 1935, wanafiziolojia wa dunia nzima walipokutana mjini humo, sanamu ya mbwa ilisimamishwa katika uwanja wa taasisi yake kwa pendekezo la Pavlov mwenyewe, na ingali pale. Yeye aliaga dunia kwa nimonia Februari 27, 1936, akiwa na umri wa miaka 86.