Mekatilili wa Menza na sera iliyozaa njaa Ugiriamani

KILA ifikapo Sikukuu ya Mashujaa, Oktoba 20, jina la Mekatilili wa Menza husikika majukwaani na redioni. Hukumbukwa kwa ngoma ya kifudu, kwa kiapo alicholisha kina mama wa Kigiriama na kwa ujasiri wa kumkabili mzungu ana kwa ana. Ni nadra kukumbukwa kwa jambo lililokuwa kiini cha uasi wake, nalo ni nafaka iliyokuwa ghalani na mikono ya kuilima.

Maisha ya mwanamke huyu yanafaa kusomwa upya na kila anayeketi ofisini kutunga sera ya kilimo, kwani alishuhudia kwa macho yake jinsi jamii iliyojilisha na kuuza ziada ilivyotumbukizwa katika umaskini na serikali ambayo haikutaka kujua watu wake wanalima nini na wanamuuzia nani.

Alizaliwa katika karne ya 19 akaitwa Mnyazi wa Menza. Kwao ni upande wa Bamba, katika eneo ambalo leo ni eneobunge la Ganze, Kaunti ya Kilifi. Alikuwa binti wa pekee katika familia ya watoto watano. Masimulizi ya Wagiriama yanaeleza kwamba nduguye, Mwarandu, alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa wala hakuonekana tena. Msiba huo, wasema wazee, ndio uliompandikizia Mnyazi chuki ya kuona kijana wa Kigiriama akichukuliwa kwa nguvu kwenda kumfanyia kazi mgeni.

Aliolewa na Dyeka wa Duka. Alipojaliwa mwana aitwaye Katilili, akaanza kuitwa Mekatilili, yaani mama yake Katilili, kama ilivyo desturi. Baadaye alifiwa na mumewe. Katika jamii hiyo, mjane alikuwa na nafasi ya kusema mbele ya wazee kuliko mwanamke aliye chini ya mume, na Mekatilili aliitumia nafasi hiyo ipasavyo.

Alikuwa mtu mzima njaa kuu ya miaka ya 1898 hadi 1900 ilipoikumba pwani. Wagiriama waliiita njaa ya Magunia kwa sababu ya chakula cha msaada kilicholetwa katika magunia. Walioinusurika hawakuketi kungoja magunia mengine. Wengi walivuka Mto Sabaki kuelekea kaskazini, ambako ardhi ilikuwa na rutuba, wakafyeka pori na kupanda mahindi.

Matokeo yalionekana katika muda wa miaka kumi tu. Mahindi ya Wagiriama yaliteremshwa hadi Mambrui, Malindi na Takaungu, yakanunuliwa na wafanyabiashara wa Kiarabu, Kiswahili na Kihindi, kisha yakapakiwa majahazini. Mnunuzi na mkulima walifahamiana, na mara nyingi mkopo wa mbegu au nguo ulitolewa kwa ahadi ya mavuno yajayo. Hilo lilikuwa soko kamili, lililojengwa bila ya waraka wowote wa serikali.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na hesabu nyingine. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya, na mashamba makubwa yakapungukiwa na wafanyakazi. Wakati huohuo walowezi wa Kizungu walikuwa wameanza kulima mpira, pamba na katani, na huko Magarini, katika ardhi hiyohiyo ya kaskazini mwa Sabaki, kulikuwa na shamba kubwa la mpira. Walihitaji vibarua wa bei rahisi, na macho ya wakubwa yakawaangukia vijana wa Kigiriama.

Ikatarajiwa kwamba kodi ya nyumba ingewasukuma vijana hao kutafuta kibarua. Lakini mwenye mahindi hulipa kodi kwa kuuza mahindi, wala hahitaji kwenda kuvunjika mgongo katika shamba la mtu mwingine. Maafisa waliona vijana hawaji kazini, wakahitimisha kwamba Wagiriama ni wavivu. Kumbe kilichowaweka nyumbani ni kwamba walikuwa na kazi yao yenye faida kuliko ile waliyoitiwa.

Hapa ndipo sera ilipopotoka. Kilimo cha jembe hutegemea mikono, na mikono hiyo huhitajika zaidi katika wiki chache za kupanda na kupalilia baada ya mvua za masika kuanza. Kijana akiondolewa nyumbani katika wiki hizo, hasara yake haiwi mshahara wa mwezi mmoja, huwa ni chakula cha mwaka mzima. Wanawake ndio waliokuwa wa kwanza kuielewa hesabu hiyo, kwa kuwa wao ndio waliobaki na jembe na watoto.

Isitoshe, hata soko lililokusudiwa lilikuwa likiyumba. Bei ya mpira duniani ilifika kileleni mwaka 1910, kisha ikaanza kuporomoka mazao ya mashamba mapya ya Malaya na Ceylon yalipoingia sokoni. Kwa hivyo serikali ilikuwa ikiwaondoa watu katika zao lenye wanunuzi mlangoni, ili wakalime zao ambalo bei yake ilikuwa ikiteremka.

Mwaka 1912 serikali ilimtuma Arthur Champion kuwa msaidizi wa mkuu wa wilaya miongoni mwa Wagiriama. Alipewa jukumu la kuhesabu nyumba, kukusanya kodi na kuhimiza vijana waende kazini. Biashara ya pembe za ndovu ilizuiwa na ile ya tembo la mnazi ikawekewa vikwazo, hivyo njia za Mgiriama kujipatia fedha zikazidi kubanwa.

Mwaka 1913 Mekatilili alianza kuzunguka kutoka kijiji hadi kijiji. Alicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu walipokusanyika aliwahutubia. Akishirikiana na mzee Wanje wa Mwadorikola, aliwaita watu katika Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama. Huko wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, wakajifunga kutotoa vijana wala kushirikiana na serikali.

Katika mkutano wa Agosti mwaka huo, masimulizi yanasema, alimletea Champion kuku na vifaranga vyake, akamtaka ajaribu kuchukua kifaranga mmoja. Kuku alimdonoa mzungu yule, naye akampiga risasi. Mfano huo ulieleweka na kila mama aliyekuwepo.

Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa na kupelekwa uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka na kurejea pwani kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita kupitia nchi wasiyoijua na lugha wasizozisema. Agosti 1914 alikamatwa tena.

Mwezi huohuo serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka. Nyumba zilichomwa na mifugo ikatwaliwa. Baada ya Wagiriama kushindwa walitozwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa kutoa vibarua, na waliokuwa kaskazini mwa Sabaki wakaamriwa kuhama.

Adhabu hiyo ya mwisho ndiyo iliyouma zaidi. Mashamba bora yaliachwa, watu wakarundikana kusini mwa mto katika ardhi kavu isiyoweza kuwatosha. Faini ililipwa kwa kuuza mbuzi na ng'ombe ambao wangekuwa akiba ya siku ya ukame. Wanunuzi wa Mambrui na Malindi walikosa shehena. Jamii iliyokuwa ikiuza nafaka ikakabiliwa na njaa, na serikali yenyewe haikupata vibarua wala kodi iliyoitarajia. Kufikia mwishoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, wakubwa walilegeza kamba na kuwaruhusu watu kurudi ng'ambo ya Sabaki. Hata hivyo, mtaji, mifugo na biashara iliyojengwa kwa miaka mingi havikurudi kwa kibali cha serikali.

Mekatilili aliachiliwa mwaka 1919, akarudi kwa watu wake na kuongoza baraza la wanawake. Alifariki mwaka 1924. Kaburi lake liko Bungale, Magarini, katika ardhi ya kaskazini mwa Sabaki ambayo watu wake waliwahi kufukuzwa.

Athari za zama hizo zinaonekana hata Mombasa. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 ilitambua madai ya watu binafsi katika ukanda wa maili kumi wa pwani, na Wamijikenda wengi wakajikuta maskwota katika ardhi waliyoikalia. Suala hilo lingali donda katika Kisauni. Mishomoroni na mitaa jirani imepokea familia nyingi zilizotoka bara ya Kilifi baada ya shamba kushindwa kuwalisha. Wajukuu wa wauzaji wa mahindi sasa hupima unga wa sima dukani, na bei yake huamuliwa na mavuno ya Bonde la Ufa na magunia yanayovuka mpaka kutoka Tanzania. Huko Ganze kwenyewe, alikozaliwa Mekatilili, ukame wa 2021 na 2022 uliwarudisha watu katika foleni ya chakula cha msaada.

Serikali huru nayo imejaribu bahati yake kando ya mto huohuo, ambao kwa juu huitwa Galana. Mradi wa Galana-Kulalu ulizinduliwa mwaka 2014 kwa lengo la kunyunyizia maji ekari milioni moja. Ukaanza na shamba la mfano la ekari 10,000, na hata hilo likakumbwa na mivutano na kukwama kabla ya kufufuliwa.

Kenya ya leo haina kisingizio cha kutojua. Wamo watafiti, kama wale wa Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton, ambao kwa miaka mingi wamefuatilia mapato ya wakulima na bei za mazao. Tangu 2013 kilimo kimekuwa chini ya kaunti, karibu zaidi na shamba. Kinachohitajika ni viongozi kuyauliza, kabla ya kutia sahihi, maswali ambayo hayakuulizwa mwaka 1912: mkulima ana nini ghalani, humuuzia nani, kwa bei gani, na ni nani atakayeshika jembe mvua ikinyesha. Anayemuenzi Mekatilili kwa sanamu na hotuba pekee atakuwa amemlipa nusu ya deni.