Rudolf Steiner: Mwalimu aliyewapa wavulana sindano za kufuma

Mwambie mzazi yeyote wa Nairobi kwamba kijana wake wa darasa la kwanza anafuma kwa uzi badala ya kukariri hesabu, uone atakavyoruka. Karo yote hiyo, halafu mtoto arudi nyumbani na kitambaa? Lakini ukitembelea familia inayosomesha watoto nyumbani kwa mtindo wa Waldorf, utapata uzi, nta na vipande vya mbao kila kona ya sebule. Mwenye wazo hilo alikufa zamani sana, na maisha yake yanafaa uyajue.

Rudolf Steiner alizaliwa Februari 1861 huko Kraljevec, mahali ambapo siku hizi ni Kroatia. Babake alikuwa mfanyakazi wa reli, mshahara mdogo. Mzee alipokosana na mwalimu wa kijiji, alimtoa mtoto shuleni akawa anamfundisha mwenyewe pale stesheni. Baadaye, akiwa sekondari, Rudolf alinunua kitabu cha mwanafalsafa Kant, akakifumua, akapachika kurasa zake ndani ya kitabu cha historia. Mwalimu akidhani kijana anafuata somo, yeye yuko na Kant.

Mwaka 1879 alijiunga na chuo cha ufundi Vienna, na 1883 akatoka bila digrii. Sisi tulioacha chuo njiani tusishangilie mapema: 1891 alipata shahada ya udaktari Rostock, Ujerumani.

Kati ya hapo ndipo alipojifunza ualimu. Mwaka 1884 familia ya Specht, Vienna, ilimwajiri afundishe wavulana wao wanne nyumbani. Mmoja wao, Otto, wa umri wa miaka kama 10 hivi, alikuwa na ugonjwa wa maji kichwani. Kusoma na kuandika ilikuwa shida, akichoka upesi, na watu walikuwa wamekaribia kumkatia tamaa. Steiner alimpa masomo mafupi mafupi. Wakati mwingine alijiandaa saa mbili kwa somo la nusu saa. Baada ya miaka kama miwili Otto aliwafikia wenzake, akaingia sekondari, na mwishowe akawa daktari.

Sasa ruka hadi 1919. Ujerumani imeshindwa vitani, njaa imebisha, wafanyakazi wamechoka. Emil Molt, bosi wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria mjini Stuttgart, alimwomba Steiner aanzishe shule ya watoto wa wafanyakazi wake. Ilifunguliwa Septemba mwaka huo ikiwa na watoto 256, na jina la kiwanda ndilo likawa jina la mfumo.

Humo wavulana na wasichana walikaa darasa moja, na wote walifuma. Kwa enzi zile hiyo ilikuwa vituko. Mtoto alianza na sindano mbili, akapanda polepole hadi kufuma soksi, ambayo hutaka sindano nne au tano. Baadaye zikaja kushona na kuchonga mbao.

Faida yake ni nini? Ukifuma, mikono yote miwili inafanya kazi, na lazima uhesabu. Kitanzi kimoja kikiponyoka, kazi inaanza kufumuka mbele ya macho yako. Hakuna kudanganya, hakuna kunakili kwa jirani. Unarudi nyuma, unarekebisha. Steiner aliamini kwamba vidole vikizoea kazi, akili nayo inaamka.

Usimfanye malaika lakini. Katika mihadhara na maandishi yake aliwapanga watu kwa rangi, Mzungu akimweka juu na Mwafrika chini. Ni upuuzi, na tuuite hivyo. Shirikisho la shule za Waldorf Ujerumani lilitoa tamko la kupinga ubaguzi mwaka 2007.

Alifariki Machi 1925 huko Dornach, Uswisi. Utawala wa Hitler uliifunga shule ya Stuttgart mwaka 1938, ikafunguliwa tena baada ya vita. Leo kuna shule zaidi ya 1,000 za aina hiyo duniani, na hata hapa kwetu iko moja Mbagathi.

Sisi mtaani bado tunadhani kazi ya mkono ni ya aliyefeli mtihani. Fundi wa jua kali anapima kwa jicho, anakata, inaingia sawa, halafu tunasema hakusoma. Kumbe kule Stuttgart mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani alipewa sindano na hesabu kwa pamoja, bila kuambiwa achague moja. Kama una mdogo wako hapo nyumbani, mtafutie uzi na vijiti viwili vilivyopigwa msasa. Nyanya yako huenda anajua kufuma. Mwombe awafundishe nyote wawili, na wewe pia kaa chini ujaribu.