Thomas Edison na Uzi wa Taa

Thomas Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, huko Marekani. Shuleni alikaa miezi michache tu. Mwalimu alimwona mzito wa akili, basi mama yake, aliyekuwa mwalimu zamani, akamtoa na kumfundisha mwenyewe nyumbani. Alipopata miaka 12 aliuza magazeti na peremende ndani ya gari la moshi. Tangu ujana masikio yake yaliharibika, akawa karibu kiziwi.

Mwaka 1876 alijenga nyumba ya kazi huko Menlo Park, akakusanya mafundi. Mwaka 1878 akaanza kutafuta taa ya umeme ya kutumiwa nyumbani mwa watu.

Je, watoto, mwajua shida ilikuwa nini? Kuwasha hakukuwa shida. Wengine waliwasha kabla yake. Na huko Uingereza Joseph Swan alifanya kazi ile ile, si haki kumsahau. Shida ilikuwa kudumu. Umeme ukipita katika uzi mwembamba, uzi hupata moto hata ukang'aa. Lakini uzi wa makaa wenye moto namna hii, ukikutana na hewa, huteketea mara moja. Kwa hiyo ulifungwa ndani ya chupa ya kioo, na hewa ikatolewa kwa pampu. Tena Edison alitaka uzi mwembamba sana, upitishao umeme kwa shida, kusudi nyaya za shaba za njiani nazo ziweze kuwa nyembamba. Maana shaba ni ghali, na taa ya matajiri peke yao hakuitaka.

Alijaribu madini ya platini, hayakufaa. Matajiri waliompa fedha wakaanza kuchoka kungoja. Ndipo, mwezi wa Oktoba 1879, akachukua uzi wa pamba, uzi wa kushonea tu, akauchoma pasipo hewa mpaka ukawa makaa. Taa ile iliwaka zaidi ya saa 13. Baadaye akatumia karatasi ngumu iliyochomwa vilevile, ikadumu kupita uzi. Tarehe 31 Desemba watu wengi walifika kwa gari la moshi kutazama taa zake.

Yeye hakutosheka. Akatuma watu nchi za mbali kutafuta miti na majani ya kujaribu. Mwanzi wa Japani ukashinda: taa nyingine za mwanzi ziliwaka saa 1,000 na zaidi. Tarehe 4 Septemba 1882 akaanza kugawa umeme katika mtaa mmoja wa New York.

Lakini taa hizo zilikuwa na ulafi. Karibu umeme wote uligeuka joto, sehemu ndogo tu ikawa mwanga. Ukiongeza nguvu ya umeme, mwanga huwa mweupe na mwingi, lakini uzi hufa upesi. Ukiipunguza, uzi huishi siku nyingi, nao hutoa mwanga hafifu wa manjano. Mafundi walipaswa kuchagua katikati. Makaa tena yaliruka polepole kutoka katika uzi, yakatia kioo weusi.

Wengine waliendeleza kazi. Tangu mwaka 1904 walitengeneza uzi wa madini ya wolframu, yavumiliayo moto kupita makaa, na mwaka 1913 Irving Langmuir akajaza chupa hewa isiyounguza, ili uzi usiishe upesi. Edison aliyaona hayo yote kabla ya kufa, tarehe 18 Oktoba 1931, mwenye miaka 84. Usiku wa siku aliyozikwa, Wamarekani wengi walizima taa zao kwa dakika moja.