Jagadish Chandra Bose na mawimbi ya milimita 5

Jagadish Chandra Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 huko Bengali, wakati India ikitawaliwa na Uingereza. Baba yake, Bhagawan Chandra, alikuwa ofisa wa serikali. Wenye cheo kama chake waliwapeleka watoto wao shule za Kiingereza. Yeye alimpeleka mwanawe shule ya Kibengali, akakaa darasani na watoto wa wavuvi na wa watumishi. Baba alitaka mtoto ajue kwanza lugha yake na watu wake.

Baada ya masomo ya Calcutta na Cambridge, Bose alianza mwaka 1885 kufundisha fizikia katika Presidency College, Calcutta. Wahindi walilipwa chini ya Wazungu kwa kazi ileile. Alifundisha miaka mitatu bila kupokea mshahara huo pungufu, mpaka wakuu wakamlipa haki yake yote pamoja na malimbikizo.

Maabara hakupewa. Mwaka 1894, katika chumba kidogo, alianza kuchunguza mawimbi yaliyothibitishwa na Heinrich Hertz. Mawimbi ya Hertz yalikuwa marefu, yakidai vyombo vikubwa. Bose aliyafupisha hadi karibu milimita 5, vyombo vyote vikaenea juu ya meza moja.

Udogo huo ulileta shida yake. Kitoa mawimbi kikikaa karibu na kipokezi, mawimbi yanayovuja hukifikia kipokezi bila kupita njia inayopimwa, na kipimo hudanganya. Kwa hiyo Bose alifungia koili na betri ndani ya sanduku la metali, mawimbi yatokee kwenye bomba moja tu. Upande wa kupokea aliweka faneli ya metali, ambayo ni mama wa antena za pembe za leo: hukusanya yanayotoka mbele na kupuuza ya kando. Alionyesha pia kwamba kitabu chenye karatasi za bati kati ya kurasa hupitisha mawimbi yanayotetemeka upande mmoja na kuzuia yanayotetemeka upande wa pili.

Mwaka 1897 alionyesha vyombo hivyo London, katika Royal Institution. Baadaye aligeukia uchunguzi wa mimea, na mwaka 1917 akaanzisha taasisi yake Calcutta. Alifariki tarehe 23 Novemba 1937.

Leo vifaa vya gigahezi 60 hutumia mawimbi ya urefu uleule. Antena zake mara nyingi hupangwa kwa nafasi ya nusu wimbi, yaani milimita 2.5, na kila moja huweza kuvuruga jirani yake. Wahandisi huzitenga kwa kuta za metali, huelekeza mawimbi yake, au huzipa mitetemo inayokingamana. Mbinu zote tatu zilikuwa tayari mezani pa Bose.

Mwanasayansi huyu aliandika pia kwa Kibengali, na mwaka 1921 alitoa kitabu cha insha, Abyakta. Shule ya wavuvi haikumzuia kufika London. Ilimpa lugha ya kuwasimulia watu wake alichokiona huko mbele.