Billie Holiday: Teja Aliyenyimwa Kadi ya Kuimba

Hebu nikuulize. Yule teja anayeshinda pale kwa stage ya mtaa wenu, unajua jina lake? Naongelea jina lile alilopewa na mamake. Wengi wetu hatulijui. Tukishamwita teja tunaona tumemaliza, hakuna cha kuuliza tena. Sasa leo nakuletea mraibu mmoja ambaye dunia nzima ilijua jina lake, na bado umaarufu huo haukumsaidia kitu.

Billie Holiday alizaliwa Philadelphia, Marekani, Aprili 7, 1915, akaitwa Eleanora Fagan. Ishike hiyo tarehe. Wiki tano tu kabla azaliwe, Machi 1, 1915, sheria ya kwanza kubwa ya mihadarati ya taifa hilo ilikuwa imeanza kazi. Kabla ya hapo mtu angeingia duka la dawa akanunua afyuni bila maswali mengi. Hata heroini unayoiogopa leo, kampuni ya Bayer ilianza kuiuza 1898 kama dawa ya kikohozi. Ndio, kikohozi! Sheria yenyewe kwa maandishi ilikuwa ya kodi na usajili, lakini miaka michache baadaye mahakama ziliamua kwamba daktari hana ruhusa ya kumwandikia mraibu dawa ili tu asiumie na arosto. Madaktari wakaanza kushikwa. Mgonjwa akatolewa kliniki akasukumwa uchochoroni, na huko uchochoroni ndiko Eleanora alikuja kukua.

Alilelewa Baltimore. Mamake alimzaa akiwa bado msichana mdogo, naye babake, mpiga gitaa, hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Desemba 1926, akiwa na miaka 11, alibakwa na jirani. Mwanamume alishikwa, sawa, lakini mtoto naye alifungiwa kwenye nyumba ya marekebisho ya watawa, kana kwamba wote wawili walikuwa na kesi. Akiwa na miaka 14 alikuwa Harlem, New York, polisi wakavamia nyumba ya ukahaba alikokuwa na kumpeleka jela. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema mateja hujitakia, mwulize huyu alianza kujitakia akiwa na umri gani.

Kuimba kulimtoa hapo. Mwaka wa 1933, akiwa na miaka 18, alirekodi na bendi ya Benny Goodman. Hakuwa na sauti kubwa ya kupasua madirisha. Alichelewa kidogo nyuma ya mdundo, kama mtu anayefikiria neno kabla ya kulitoa, na watu wakashindwa kuondoka. Mpiga saksafoni Lester Young ndiye aliyembandika jina la Lady Day. Mwaka wa 1938 aliimba na bendi ya wazungu ya Artie Shaw, na katika hoteli moja ya New York, ambako jina lake ndilo lilikuwa likivuta wateja, aliambiwa apande lifti ya mizigo ili wageni wasimwone mwanamke mweusi kwenye lifti yao.

Mwaka uliofuata akaanza kuimba Strange Fruit, wimbo kuhusu watu weusi waliouawa na umati na kutundikwa mitini huko Kusini. Kampuni iliyokuwa ikimrekodi iliukataa, akaenda kuurekodi kwingine. Wapo wanaosema serikali ilianza kumwinda kwa sababu ya wimbo huo. Mimi wala sihitaji kufika huko. Yale yaliyofanywa waziwazi, kwa mihuri na saini, yananitosha.

Heroini aliiingia miaka ya mwanzo ya 1940. Mapema 1947 alijaribu kuacha, akajilaza hospitali ya kibinafsi kwa wiki kadhaa. Mei mwaka huohuo akashikwa. Kortini alikiri kosa akitumaini kupelekwa hospitalini. Jaji alimpa mwaka mmoja na siku moja kwenye gereza la wanawake la Alderson, West Virginia.

Alitoka Machi 1948. Siku 11 baadaye alijaza ukumbi wa Carnegie Hall hadi viti vikawekwa jukwaani. Unaona hapo ungedhani mambo yamerudi sawa. Wapi! New York ilikuwa na kitu kinaitwa kadi ya kabarei. Ukitaka kuimba mahali pombe inauzwa, lazima polisi wakupe kadi, na mtu mwenye rekodi ya mihadarati alinyimwa. Na jazz ya wakati huo iliishi wapi? Kwenye vilabu, bana. Kifungo kilikuwa kimeisha lakini adhabu ikabaki, kwa sababu hata ungekuwa umeacha dawa, kadi hakuna. Angeweza kuimba Carnegie Hall mara moja moja, lakini ile kazi ya kila usiku, ya kulipa kodi ya nyumba na kukaa karibu na wanamuziki wenzake, ikafungwa kwake mjini mwake.

Sasa fikiria unayejua aliyetoka Shimo la Tewa au Kamiti na kesi ya unga. Anaomba kazi, anaitishwa cheti cha tabia njema. Umeona kadi ya kabarei ilivyohamia huku?

Akabaki mtu wa safari, akiimba mji baada ya mji, na waume na mameneja waliomla pesa na kumpiga. Januari 1949 alishikwa tena San Francisco. Baraza la mahakama likasikiza ushahidi na kumwachilia. Mwaka wa 1956, Philadelphia, akashikwa tena.

Mkuu wa idara iliyomfuata alikuwa Harry Anslinger, aliyeiongoza kwa zaidi ya miaka 30. Huyu aliwachukulia waraibu kama wahalifu wa kufungwa. Lakini katika kitabu chake cha 1961 anasimulia mwenyewe, bila kumtaja jina, habari za mwanasiasa mkubwa wa Congress aliyekuwa mraibu wa morfini. Je, alimfunga? Alimpangia awe akipata dawa zake kimyakimya kwenye duka la dawa. Kumbe jamaa alijua vizuri kabisa kwamba mraibu anaweza kupewa dawa yake, akaendelea na kazi, na mbingu isianguke. Ni vile tu hakuona Billie akistahili. Na sheria hazikubaki kwao: Anslinger alisukuma sana mikataba ya kimataifa ya mihadarati, na ule wa 1961 Kenya nayo imo. Methadone inayotolewa leo Mathari, Malindi na Mombasa ni ile fikira aliyomfanyia mheshimiwa, ila sasa anapewa mtoto wa kawaida, mchana, bila kujificha.

Mei 31, 1959, Billie alizimia. Ini lake lilikuwa limekwisha. Na ini hilo liliharibiwa na pombe, ile iliyouzwa kihalali kwenye vilabu alivyokatazwa kuimba. Hospitali ya kwanza haikukaa naye. Aliishia Metropolitan, Harlem. Juni, polisi walisema wamepata heroini chumbani, wakamshika akiwa kitandani. Walimchukua alama za vidole hapohapo na kuweka maafisa mlangoni. Mwanamke ambaye hangeweza kutembea hadi dirishani alilindwa asitoroke. Iliamriwa na korti ndipo walinzi wakaondoka, saa chache kabla afe.

Alikufa Julai 17, 1959, akiwa na miaka 44. Benki alikuwa na senti 70. Mwilini wakamkuta na dola 750. Kama watu 3,000 walikuja kumzika, na kadi za kabarei ziliendelea kutolewa na kunyimwa hadi 1967.